Mnaikimbia Riba, Mbona na Mkutano Mnaukimbia?



Nimechoka kusikia "bajeti ni mambo ya wanaume". Bi harusi anajua bei ya kila yadi ya gauni lake, ila hajui halmashauri imemtengea nini. Mtaji ukikata anakimbilia kausha damu, kisha Alhamisi tunakaa darsani kuilaani riba.

Huku Bara sheria ipo tangu 2018: kila halmashauri itenge asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo. Asilimia 4 wanawake, 4 vijana, 2 watu wenye ulemavu. Na haina riba, shoga! (Si ya kununulia pete. Ni ya cherehani, ya dagaa, ya biashara.)

Hapa Mugango sehemu ya mapato hayo inatoka mwaloni, kwenye ushuru wa samaki na dagaa. Ushuru ukipokelewa bila risiti, asilimia 4 yetu imeliwa kabla haijahesabiwa. Mama anayekubali kupunguziwa ili asidai risiti anajiibia mwenyewe.

Serikali nayo isijifanye safi. Aprili 2023 mikopo ilisimamishwa, baada ya CAG kuibua vikundi hewa na madeni yasiyorejeshwa, ikaja kurudi 2024. Kikundi hewa hakijiandikishi chenyewe. Kuna mtu ofisini alisaini. Lakini aliyerejesha kwa wakati alifungiwa mlango pamoja na mwizi. Na nyie mliochukua mkanunua makochi, mkisema pesa ya serikali haina mwenyewe: aya ndefu kuliko zote katika Qur'ani, ya 282 ya Suratul Baqara, ni ya deni na kuliandika. Sijaona mahali ilipolitoa deni la halmashauri.

Bajeti inasomwa Dodoma mwezi Juni, ndipo tunafungua redio. Tumeshachelewa! Mipango huanzia mkutano wa kijiji, ikapanda kamati ya maendeleo ya kata, ikafika baraza la madiwani, miezi mingi kabla. Mkutano huo kisheria ni kila miezi mitatu. Jistiri, nenda, keti na wenzio, kisha muulize diwani: tumekusanya kiasi gani, asilimia 4 yetu ni shilingi ngapi, vikundi gani vimepewa? Majina yabandikwe ubaoni. Akikwambia njoo kesho, kesho uwe hapo na wenzio wanne. Watano mnatosha kuwa kikundi.