Hela Ikishaingia Isitoke Bila Sisi Kuulizwa: Risala ya Wauzaji wa Mbeya na Iringa Waliotangulia Kupokea Malipo kwa Simu

Ndugu Mkurugenzi wa Kanda wa kampuni ya simu, ndugu maofisa mliofuatana naye, viongozi wetu wa masoko, wafanyabiashara wenzetu,

Tunaowasilisha risala hii ni wauza viazi na mboga wa Mwanjelwa na Uyole, wauza mchele wa Igurusi na Ubaruku, mama lishe wa Soko Kuu la Iringa, wauza nyanya na vitunguu wa Ilula, wauza mbao wa Mafinga, waendesha bodaboda na bajaji, pamoja na mawakala wa pesa. Biashara zetu ni tofauti, lakini huduma yenu ya kulipia bidhaa kwa simu ilipofika huku, sisi ndio tuliokubali kubandika bango lenu lenye namba ya biashara mbele ya biashara zetu wakati majirani wakisema wasubiri kwanza waone. Waliosubiri sasa wanatuangalia sisi ili waamue.

Tuseme mapema ili asiwepo wa kutuelewa vibaya: hatujaja kuomba bango liondolewe. Tunaitaka huduma hii. Soko la Mwanjelwa liliungua mwaka 2006, na mwaka 2017 moto ukala vibanda vya soko la Sido. Aliyepitia hayo hahitaji kufundishwa ubaya wa kulaza hela kibandani. Tumehangaika na chenji asubuhi, tumepokea noti bandia jioni kwenye mwanga hafifu, tumesafiri na mauzo kiunoni kutoka mnadani usiku. Mama lishe anayelipwa kwa simu anaweza kuona mwisho wa wiki alichouza, na hilo peke yake limewasaidia wengi kwenda kuomba mkopo wakiwa na kitu cha kuonyesha.

Tena sisi si wageni wa mambo haya. Kabla ya simu, mtoto aliyekuwa Dar es Salaam alimpa kondakta wa basi bahasha, na mzazi akaenda stendi ya Mbeya au ya Ipogolo, Iringa, kungoja basi liingie. M-Pesa ilipoanza nchini mwaka 2008, na Tigo Pesa ikafuata mwaka 2010, mikoa yetu hii ilizipokea haraka. Mwaka 2014 kampuni zilipoanza kukubaliana pesa ivuke kutoka mtandao mmoja kwenda mwingine, tulivuka nayo. Kwa hiyo tunapolalamika leo, msituhesabu kama watu wanaoogopa teknolojia.

Lalamiko letu kubwa ni marejesho ya malipo, na tunaomba mtusikilize hapa kuliko mahali pengine popote.

Basi linasimama Ilula kwa muda mfupi. Wauzaji wanakimbilia madirishani na ndoo za nyanya na mafungu ya vitunguu. Abiria anauliza bei, anasoma namba iliyoandikwa kwa kalamu nene ubavuni mwa ndoo, anabonyeza simu yake, kisha anaigeuza ili muuzaji aone kuwa amelipa. Simu ya muuzaji nayo inalia: jina la mteja, kiasi, salio jipya. Mama anamimina nyanya kwenye mfuko, anaupandisha dirishani, basi linaondoka. Jioni akifunga hesabu anakuta salio limepungua kwa bei ile ile ya ndoo ile. Abiria alipiga simu huduma kwa wateja akiwa njiani, akasema amekosea namba, na hela ikarudishwa kwake. Muuzaji hakupigiwa simu wala hakuulizwa kama mzigo ulishatoka. Hela ilirudi, nyanya hazikurudi.

Haya yamewapata wauza nyanya, wauza mchele na waendesha bajaji. Tunajua watu hukosea namba kweli. Hata sisi tumewahi kutuma hela kwa mtu tusiyemjua na tukashukuru kusaidiwa. Lakini kutuma kwa namba ya mtu binafsi na kulipa kwa namba ya biashara ni mambo mawili. Anayelipa kwenye bango letu ameingiza namba ya biashara, ameona jina la biashara, kisha ameweka namba yake ya siri. Amethibitisha kwa mkono wake. Baada ya hatua zote hizo, neno lake moja kwenye simu halipaswi kuwa na nguvu kuliko mzigo uliokwisha kukabidhiwa. Kenya, ambako M-Pesa ilizaliwa mwaka 2007, Safaricom ilipowaletea wafanyabiashara wadogo Pochi la Biashara, kuwakinga na marejesho ya kiholela kulikuwa miongoni mwa mambo iliyoyatangaza. Kama muuza sukumawiki wa Nairobi anakingwa, hatuoni kwa nini muuza nyanya wa Ilula asikingwe.

Na pale ambapo hamrudishi, mnafunga. Mwenzetu wa mbao Mafinga alipokea malipo ya mzigo wa lori zima. Wakati huo huo likaja lalamiko juu ya malipo mengine, madogo, ya mteja mwingine kabisa. Badala ya kuzuia kiasi kinachobishaniwa, mfumo ulifunga akaunti yote. Wapakiaji walikaa juu ya magogo wakingoja ujira, dereva wa lori akaanza kudai fidia ya kulaza gari, na mwenye mbao akaenda kukopa kwa riba huku hela yake mwenyewe akiiona kwenye kioo cha simu. Alipofunguliwa aliambiwa tu kwamba uchunguzi umekamilika. Mtu aliyeaibishwa mbele ya vibarua wake kwa hela aliyoifanyia kazi kihalali alistahili walau kuombwa radhi.

Sasa makato. Huku kwetu mtu mwenye heshima akikutumia hela anaongeza na ya kutolea, ili kiasi mlichokubaliana kikufikie kamili mkononi. Ni adabu ambayo watu waliijenga wenyewe bila kuamriwa na kampuni yoyote. Bango lenu limeivunja. Mteja analipa bei ya gunia bila kuongeza kitu, na ni haki yake, maana mmemwambia kwake ni bure. Lakini mkulima anayeshusha viazi kutoka Umalila au Uporoto anataka taslimu. Mbeba mizigo anataka taslimu. Muuza mkaa anataka taslimu. Lazima tutoe, na tukitoa tunakatwa sisi. Kwenye biashara ya viazi, ambako faida ya gunia ni ndogo na bado mnunuzi anataka ajaziwe lumbesa, makato hayo ndiyo yanayobakiza au kumaliza chakula cha siku.

Kilichotuuma zaidi ni namna yalivyokuja. Vijana wenu wa mauzo walipopita na fulana na miavuli walituambia kutoa ni bure. Hawakusema ni bure kwa muda. Tuliyajua makato siku tulipoyakuta kwenye salio. Matokeo yake mnayaona mkipita sokoni: bango lenu linang'aa, na chini yake mwenye kibanda ameandika kwa chaki namba yake ya kawaida, anamwomba mteja atume huko na ya kutolea. Wengine wameweka bei mbili, ya taslimu na ya simu. Hatuifurahii hali hiyo, kwa sababu inamfanya mteja atuone wadanganyifu.

Yapo mengine tutayataja kwa kifupi. Ujumbe wa malipo huchelewa, hasa umeme ukikatika na mnara ukalegea, na katika kuchelewa huko ndipo matapeli wanapopenya na meseji zao za kughushi. Mteja wa mtandao mwingine akilipa, mara nyingine hela inaning'inia katikati: yeye amekatwa, sisi hatujapata, na kila kampuni inatuelekeza kwa mwenzake. Benki Kuu imejenga mfumo wa TIPS unaoziunganisha benki na kampuni za simu, hivyo hoja ya kwamba mitandao haionani haina uzito tena. Majina yetu yameandikwa vibaya kwenye usajili, mteja akiona jina asilolijua anasita, nasi tumeomba yasahihishwe bila mafanikio. Mawakala nao mliwatumia kutushawishi tujiunge. Sasa watu wakilipa moja kwa moja wateja wao wa kutoa wanapungua, na kamisheni mliyowaahidi kwa kila muuzaji waliyemwunganisha wengi hawajaiona.

Tukipeleka shida hizi, tunapeleka wapi? Tunapiga simu, tunasikiliza muziki, tunapokewa na kijana mpole ambaye hana mamlaka ya kuamua chochote. Anatupa namba ya kumbukumbu. Kesho anapokea mwingine, tunaanza hadithi upya. Duka lenu la Mbeya linauza simu na kusajili laini, lakini malalamiko ya malipo wanasema yako Dar es Salaam. Muuzaji wa Ilula akifunga kibanda aende Iringa mjini, amepoteza mauzo ya siku na nauli, halafu anapewa ile ile namba ya simu aliyoipiga jana.

Tumeambiwa pia kwamba matapeli ni vigumu kuwakamata. Hilo hatulikubali. Laini zote nchini zimesajiliwa kwa alama za vidole, na ambazo hazikusajiliwa zilianza kuzimwa Januari 2020. Tulipanga foleni ndefu kutafuta namba za NIDA tukiahidiwa kwamba usajili huo utatulinda. Anayepokea hela ya wizi ana jina, ana picha, ana kidole kwenye kumbukumbu.

Tunajua jambo la fedha linaweza kurekebishwa watu wakisema. Tozo ya miamala ilipoanza tarehe 15 Julai 2021, kuanzia shilingi 10 hadi 10,000 kwa muamala, wananchi walilalamika. Septemba mwaka ule ule ikapunguzwa kwa asilimia 30; Julai 2022 kiwango cha juu kikashushwa hadi shilingi 4,000; mwaka 2023 tozo ya kutuma ikaondolewa. Serikali yenye bajeti ya nchi nzima ilirudi mezani zaidi ya mara moja. Kampuni moja haiwezi kushindwa.

Kwa hiyo, ndugu Mkurugenzi, madai yetu ni haya.

La kwanza, na ndilo tunalolisimamia kuliko yote: malipo yaliyothibitishwa kwenye namba ya biashara yasirudishwe kabla mwenye biashara hajapigiwa simu na kusikilizwa. Pakiwa na ubishi, kizuiwe kiasi kile tu kinachobishaniwa, akaunti ibaki wazi, na mwenye akaunti aelezwe kwa ujumbe sababu ya kuzuiwa na siku ya uamuzi.

Pili, wauzaji ambao hela zao zilirudishwa kwa wateja bila wao kuulizwa tangu huduma ilipoanza mikoa hii, mafaili yao yafunguliwe upya, na pale ambapo mzigo ulikabidhiwa, kampuni ilipe. Utaratibu ule ni wa kampuni, hivyo hasara yake isibebwe na mama wa nyanya.

Tatu, makato ya kutoa yaandikwe kwa Kiswahili, kwa tarakimu, kwenye bango lenyewe, upande wa muuzaji. Yakibadilika tuarifiwe mwezi mmoja kabla. Na kwa biashara ndogo, tunataka kiwango fulani cha kutoa kila siku kiwe bila makato. Kiasi chake tuko tayari kukaa nanyi tukipange.

Nne, muweke mtu Mbeya na mtu Iringa mwenye mamlaka ya kuamua malalamiko ya malipo, akae dukani kwenu, na siku za mnada afike Ilula, Mafinga na Igurusi.

Tano, mawakala walipwe kamisheni walizoahidiwa, na majina yaliyokosewa yasahihishwe huku huku tulipo.

Sheria ya Mifumo ya Malipo ya Taifa ya mwaka 2015 imeiweka huduma yenu chini ya usimamizi wa Benki Kuu, na Kanuni za mwaka 2019 za kuwalinda watumiaji wa huduma za fedha zinamtaka mtoa huduma awe wazi kuhusu gharama na ashughulikie malalamiko. Tunaomba majibu ya maandishi ndani ya siku 30 tangu leo, yabandikwe Mwanjelwa, Soko Kuu la Iringa, Ilula na Mafinga ili kila muuzaji ayasome. Yasipokuja, nakala ya risala hii pamoja na orodha ya miamala iliyorudishwa, ikiwa na tarehe na namba za kumbukumbu, tutaipeleka Benki Kuu, Tawi la Mbeya, kwa mikono yetu.

Tunawasilisha.