Mgagani katika Bustani ya Askari

Siku ya usafi inapowadia katika kambi zetu, jembe halichagui. Kila kilichoota bila ruhusa hung'olewa na kutupwa, na katika takataka hizo aghalabu humo mmea wenye maua meupe, shina lenye vinyweleo vya kunata, na vijani vitano vilivyotandazwa kama vidole vya mkono. Huo ni mgagani. Waganda huuita jjobyo, Wanyankole na Wakiga huuita eshogi, na kwa ndugu zetu wa Lango ni akeyo. Mama aliyetoka Kabale na mama aliyetoka Lira waweza kupakana ukuta mwaka mzima wasijue kwamba mboga wanayoikumbuka kwao ni moja, nayo inafyekwa kila juma nyuma ya nyumba zao.

Wazee wetu waliwapa mgagani wajawazito na wazazi waliotoka kujifungua, wakisema kwamba hurudisha damu. Usemi huo haukuwa wa bure. Majani yake yana madini ya chuma na ya chokaa, pamoja na vitamini A na C. Hata hivyo, yafaa tuelewane mapema: mboga hii hutibu kwa kuliwa mara kwa mara, si kwa kunywewa kikombe kimoja siku mtu anapoanguka. Mjamzito mwenye viganja vyeupe, anayehema kwa kupanda kilima kidogo tu, apelekwe zahanati siku hiyo hiyo. Huenda ana malaria au safura, na mgagani hauui vijidudu vya malaria wala minyoo ya safura. Vidonge vya kuongeza damu anavyopewa kliniki avimeze kama alivyoagizwa. Mgagani uwe mwenzi wa vidonge hivyo, usiwe mbadala wake.

Kuna pia wanaokamua maji ya majani haya na kuyatia katika sikio linalouma, au kuyafunga kichwani ili kuondoa maumivu. Mambo hayo siyasifu. Majani yaliyopondwa huweza kuchoma ngozi hata ikatoka malengelenge, na sikio la mtoto si mahali pa kufanyia majaribio. Jambo moja la jadi ambalo wataalamu wamelithibitisha ni la mifugo: utafiti uliofanywa Kenya na kuchapishwa mwaka 1992 ulionyesha kwamba kupe huukimbia mmea huu. Mwenye kunusa majani yake mabichi hatashangaa.

Kwa familia ya askari, sifa kubwa ya mgagani ni wepesi wake. Mhogo wahitaji miezi mingi, na barua ya uhamisho haingoji. Lakini mgagani huanza kuchumwa baada ya majuma manne hadi sita. Chagua mahali penye jua la kutosha na pasipotuama maji. Usipande karibu na choo, wala pale magari yanapomwagiwa oili, wala kando ya uwanja wa shabaha, kwa maana risasi huacha sumu ya madini katika udongo. Kitalu cha upana wa mita 1 na urefu wa mita 3 chatosha kwa kuanzia. Lainisha udongo, changanya samadi iliyooza sawasawa, kisha chora mifereji myembamba iliyoachana sentimita 30. Mbegu ni ndogo mno. Zichanganye na mchanga mkavu ili zisirundikane, nazo uzifukie kidogo tu, isizidi sentimita 1. Miche ikijaa, punguza mpaka ibaki umbali wa sentimita 10 hadi 15. Hiyo uliyoing'oa usiitupe, ndiyo mboga yako ya kwanza.

Baada ya hapo chuma ncha, using'oe shina. Kila utakapoona vichomozo vya maua, vikate upesi, kwani mmea ukishatoa maua hupunguza majani. Vidukari wakiingia, wanyunyizie maji yenye sabuni kidogo.

Sasa tuingie jikoni. Wengi hukimbia uchungu wa mgagani, wakauchemsha na kumwaga maji mara mbili au tatu. Uchungu huondoka, na sehemu kubwa ya vitamini C huondoka nao. Kwa maoni yangu, ni heri kuuchanganya na dodo, fungu moja kwa fungu moja, uchungu utapungua wenyewe. Osha majani kabla ya kuyakata, yapike kwa maji machache hadi yalainike, kisha tia kitunguu, nyanya na karanga au ufuta uliosagwa. Mafuta ya karanga husaidia mwili kuipokea vitamini A. Mezani kamulia limau, maana chuma cha mboga hupokewa vizuri kikikutana na limau. Chai nayo ingoje kama saa moja baada ya chakula, kwa sababu hukizuia chuma hicho. Najua askari aliyetoka lindo la usiku hatalipenda agizo hili.

Limebaki suala la mbegu. Tenga miche mitatu au minne iliyo bora tangu mwanzo, usiichume hata jani. Maganda yakigeuka manjano yakate kabla hayajapasuka, yaanike juu ya kitambaa, yapukuchue, upepete, na uhifadhi mbegu katika chupa kavu. Mbegu mpya huota kwa shida. Ziache zikae miezi mitatu au zaidi ndipo uzipande. Kwa hiyo bandika juu ya chupa karatasi yenye mwezi wa kuvuna. Zikihamia kambi nyingine ndani ya sanduku la vyombo, utajua kama zimekwisha kuiva kwa kupandwa, au zingali zinahitaji kulala.