Maoni: Antivirusi mpya Yanonge haiji kwa kubonyeza kitufe tu

Huko Yanonge, kilomita zipatazo 60 kutoka Kisangani ukishuka Mto Kongo, kompyuta ya nyumbani ni nadra kuwa ya mtu mmoja. Mwalimu aliyenunua laptopu ya mtumba mjini hujikuta anaandika barua za majirani, anapanga pointi za wanafunzi, na anapokea flashi ya kila kijana anayesoma Kisangani au Yangambi ambaye siku ya kutetea kazi yake ya kumaliza masomo imekaribia. Flashi hizo ndizo zinazoleta virusi.

Dalili zinajulikana. Mtu anafungua flashi na kukuta mafolda yote yamegeuka njia za mkato za kilobaiti moja au mbili, na kazi ya miezi sita haionekani. Mara nyingi faili hazijafutwa, zimefichwa tu, na fundi mwenye subira anaweza kuzirudisha. Wengi hawalijui hilo. Wanaharakisha kuformati flashi, na hapo ndipo kazi inapotea kweli.

Kinachoudhi ni kwamba kompyuta hizo nyingi zina antivirusi. Iliwekwa na muuzaji siku ya kununua, na tangu siku hiyo haijaguswa. Antivirusi hulinganisha faili na orodha ya alama za virusi vinavyojulikana, na pia huchunguza mwenendo wa programu. Orodha isipoongezwa, kirusi kilichotengenezwa mwezi jana kinaweza kupita bila kuulizwa. Toleo lenyewe likizeeka mno, mtengenezaji huacha kulitumia orodha mpya, na hapo hata mtu akinunua mega hakuna kitakachoshuka.

Wapo wanaojitetea kwamba kompyuta yao haiingii mtandaoni, kwa hiyo haina hatari. Historia inawakatalia. Kirusi kilichoitwa Brain, cha mwaka 1986, kilitoka Lahore, Pakistani, na kikasafiri nchi kwa nchi ndani ya disketi, wakati watu wa kawaida hawajasikia habari ya intaneti. Mwaka 2010 ulimwengu uligundua Stuxnet, iliyoingia katika mitambo ya nyuklia ya Iran huko Natanz, ambayo haikuunganishwa na mtandao. Njia inayotajwa zaidi ni flashi. Ikiwa Natanz iliingiliwa hivyo, meza ya sebuleni Yanonge ina kinga gani?

Basi shauri la kupandisha toleo ni sahihi. Linalokosewa ni namna linavyotolewa, kana kwamba kila nyumba ina umeme usiokatika na mtandao usiohesabiwa. Mtu anayetumia mega za simu na umeme wa paneli ya jua akianza kushusha programu kubwa saa kumi na mbili jioni, huenda betri ikafa katikati. Na akiwa ameshaondoa toleo la zamani kabla ya jipya kufika, amebaki bila mlinzi kabisa. Kwa mazingira hayo, njia ya busara ni kuchukua faili kamili ya kusakinisha pale penye mtandao mzuri mjini, kutoka kwa mtengenezaji mwenyewe, kisha kusafiri nayo. Hata orodha ya virusi ya Defender, antivirusi inayokuja ndani ya Windows 10 na 11, Microsoft huitoa kama faili ya kubeba kwa flashi. Ni watu wachache mno wanaoambiwa hivyo.

Kwa nyumba nyingi Defender hiyo inatosha, ikipewa orodha mpya. Anayeuza antivirusi ya kulipia yenye "ufunguo wa milele" kwa franka chache anauza programu iliyovunjwa, na hakuna ajuaye aliyeivunja aliacha nini ndani. Kurundika antivirusi mbili kamili kwenye mashine yenye kumbukumbu ya gigabaiti mbili ni kuifanya itambae tu. Smadav ya Indonesia, inayopendwa kwa kusafisha flashi, watengenezaji wake wenyewe huieleza kuwa ni ulinzi wa nyongeza.

Kuna jambo jingine ambalo wauzaji hawalisemi. Msaada wa Windows 10 ulikoma tarehe 14 Oktoba 2025. Microsoft imeahidi kuendelea kuipa Defender orodha za virusi hadi Oktoba 2028, lakini nyufa za Windows yenyewe hazizibwi tena kwa asiyejiandikisha katika mpango wa nyongeza. Mlinzi anaendelea kupewa picha za wezi, ukuta haufanyiwi matengenezo. Nyingi ya laptopu za mtumba haziwezi kupokea Windows 11 kwa sababu ya umri wa prosesa. Mwenye nayo asikimbilie kununua nyingine kwa hofu, ila ajue kwamba nakala ya pili ya kazi zake, kwenye flashi isiyoazimwa, sasa ina thamani kuliko antivirusi yoyote.

Wala asipandishe toleo usiku wa kuamkia siku ya kutetea kazi. Tarehe 19 Julai 2024 sasisho moja lenye kasoro la kampuni ya usalama ya CrowdStrike liliangusha kompyuta zipatazo milioni 8.5 duniani, na ndege zikabaki chini.

Lakini kumbebesha mwalimu wa Yanonge mzigo huu peke yake si haki. Flashi ya mwanafunzi hupita kwanza kwenye maduka ya kuchapisha na fotokopi ya Kisangani, ambako kompyuta moja hupokea flashi za watu kadhaa kwa siku. Maduka hayo yako mjini na yanalipwa kwa kila ukurasa. Ni hayo yanayopaswa kuwa na toleo jipya kabla ya nyumba yoyote ya kandokando ya mto, na vyuo vinavyodai kazi iletwe imechapishwa vina nguvu ya kuyashurutisha. Mwanafunzi naye anaweza kuanza leo: aulize kabla ya kuchomeka flashi yake, antivirusi hii ilisasishwa lini? Mwenye duka asipojua, duka lingine haliko mbali.