Shairi la Kagera linadai jibu, si makofi

Shairi likitumwa kwenye kundi la WhatsApp, yatakayofuata yanajulikana kabla hayajafika. Emoji za makofi. "Kongole malenga." "Wino wako usikauke." Baada ya muda mfupi linafunikwa na tangazo la mchango wa harusi, na mtunzi wake, ambaye huenda ni mwalimu wa Kamachumu aliyekesha akitafuta kina, anabaki hajui kama mshororo wake wa tatu ulisimama au ulianguka.

Washairi wasio na jina kubwa wa Bukoba na Muleba hawana tena shida ya mahali pa kusomwa. Simu imelimaliza tatizo hilo. Tangu mwaka 2022 kundi moja la WhatsApp linaweza kubeba watu 1,024, idadi ambayo vitabu vingi vya mashairi nchini havijawahi kuipata kwa wasomaji. Mvuvi aliye kisiwani Goziba, ambaye safari yake ya kuja bara inategemea boti na hali ya ziwa, anaweza kusoma beti za muuza duka wa Hamugembe dakika ileile zinapotumwa. Hilo ni jambo kubwa na linastahili kusifiwa. Wanachokikosa washairi hawa ni kujibiwa. Inauma zaidi kwamba upungufu huu uko Kagera, kwa sababu fasihi ya mkoa huu ilijengwa juu ya jibu.

Mtu aliyekulia kwa Wahaya anafahamu jinsi hadithi inavyoanza. Msimulizi hasemi peke yake. Anatoa neno la kufungulia, wasikilizaji wanampokea, na katika mapokeo hayo wanamwambia aone ili nao wapate kuona. Peter Seitel, mtafiti wa Kimarekani aliyerekodi ngano za Kihaya, aliliona jibu hilo kuwa na uzito wa kutosha kulifanya jina la kitabu chake cha mwaka 1980. Wasikilizaji wakinyamaza, hadithi haiendi.

Enanga nayo ni hivyo. Ni chombo cha ubao uliochongwa na kuachiwa bonde katikati, nyuzi zikapitishwa juu yake, na mwimbaji mmoja akakiweka mbele yake kuimba visa virefu vya mashujaa kama Kachwenyanja na Rukiza. Profesa Mugyabuso Mulokozi, mzaliwa wa mkoa huu, aliuchunguza utanzu huo kwa tasnifu yake ya udaktari katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam mwaka 1986, na baadaye akaandika maisha ya Habibu Selemani, mwimbaji mashuhuri wa enanga aliyefariki mwaka 1993. Mtu wa enanga hakuwa na daftari la kusomea. Alitunga huku akiimba, akiwatazama waliokaa mbele yake, akirefusha pale walipochangamka na kufupisha pale macho yalipolegea. Hadhira ilikuwa inamhariri bila kushika kalamu.

Pwani nako hali ilikuwa hiyohiyo, tena kwa ukali. Kisiwani Pemba, Kamange na Sarahani walitungiana mashairi kwa muda mrefu, wakipimana ufundi na kuchokozana, hata mwaka 2011 kikatoka kitabu kizima cha mashairi yao kilichohaririwa na Abdilatif Abdalla. Mombasa, Muyaka bin Haji alikuwa akirushiana beti na washairi wa Lamu katika miaka ya uhasama baina ya miji hiyo miwili, mwanzoni mwa karne ya 19. Washairi hawa hawakuandika ili wapongezwe. Waliandika wakijua kuwa upande wa pili kuna mtu atakayezihesabu mizani zao moja moja.

Kisha yakaja magazeti. Mambo Leo lilianza mwaka 1923, na ukurasa wake wa mashairi ukawa uwanja wa watu ambao hawakuwahi kuonana: karani wa Tabora, mwalimu wa Tanga, askari aliyeko mbali na kwao. Utaratibu huo uliendelea katika magazeti yaliyofuata. Mtu aliuliza swali kwa beti sita, na wiki au miezi baadaye watatu wakamjibu kwa vina vyake vilevile, kila mmoja akifunga kwa jina lake, lakabu yake na sanduku lake la posta. Mhariri alisimama mlangoni, na shairi guni, lenye kasoro ya vina au mizani, halikupita hivi hivi. Barua ilichukua siku kadhaa njiani, na siku hizo mtunzi alizitumia kulisoma shairi lake upya.

Simu imeondoa mhariri na imeondoa siku hizo. Kuondoka kwa mhariri kuna heri yake, kwa kuwa wengi waliofungiwa mlango zamani sasa wanaingia: msichana wa sekondari asiyemjua mtu gazetini, mzee anayetunga kwa Kihaya ambaye ukurasa wa Kiswahili usingempokea. Lakini kazi aliyokuwa akiifanya mhariri haijapata wa kuirithi. Wanakikundi wenyewe ndio wanaopaswa kuirithi, na wengi hawajaanza.

Jambo hili linaonekana vizuri kwa mfano mdogo uliotungwa kwa ajili ya makala haya. Mtunzi wa Muleba, msimu wa kahawa, anatuma mshororo huu:

Kahawa nimeianika, jua bado kuchomoza.

Makofi yatakuja, bila shaka. Lakini msomaji mwenye sikio atahesabu kwa vidole: ka-ha-wa-ni-me-i-a-ni-ka. Mizani tisa. Utao, yaani nusu ya pili, una nane, ukwapi, yaani nusu ya kwanza, una tisa, na mshororo unachechemea. Tiba yake ni herufi moja: ile "i" ya katikati ikitoka, "kahawa nimeanika" inarudi kwenye nane na hakuna maana iliyopotea. Ujumbe wa namna hiyo, ukitumwa faraghani kwa mtunzi, unamfundisha zaidi ya kongole hamsini. Mara inayofuata atahesabu kabla ya kutuma.

Jibu la pili ni la ndani zaidi, nalo linatakiwa lije hadharani, kwa shairi:

Bei nani kaiweka, mkulima akiuza?

Vina ni vilevile, -ka na -za, mizani nane kwa nane. Lakini habari imehama kutoka kwenye jua hadi kwenye mnada. Aliyeanza kulalamikia hali ya hewa amejikuta ndani ya mjadala wa bei. Kisha wa tatu, pengine mtu aliyewahi kuuza kahawa ikiwa bado mtini ili apate ada ya mtoto, anaongeza:

Butura ndiyo mashaka, na deni latumaliza.

Kagera hakuna asiyejua butura ni nini: mnunuzi anatoa fedha kabla ya mavuno, kwa bei ya kutupa, na mavuno yakifika mkulima anavuna mali ya mtu mwingine. Serikali imeikemea mara nyingi na bado ipo. Mishororo mitatu ya watu watatu imelisema jambo ambalo mtunzi wa kwanza hakuwa amelifikiria alipoanika kahawa yake. Kibwagizo bado, na yeyote kwenye kundi anaweza kukileta. Hiyo ndiyo faida ya kujibizana. Shairi linapata akili za watu wengi bila kuacha kuwa shairi.

Wapo watakaosema kukosoana kunavunja moyo, kwamba mtunzi mchanga akiambiwa mizani zake zimepwaya mbele ya watu mia tatu, hatatuma tena. Hofu hiyo ina msingi. Historia ya malumbano ya Kiswahili ina beti za matusi ambazo hazikumjenga mtu, na kwenye simu, ambako hakuna anayemwona mwenzake usoni, ulimi unakuwa mwepesi zaidi. Ndiyo maana kosa la mizani lisemwe faraghani, na hoja ijibiwe hadharani, kwa beti. Anayetaka kumpinga mwenzake kwa shairi analazimika kukaa chini na kutafuta vina. Hasira nyingi hupoa kabla kina cha pili hakijapatikana, na kinachobaki ni hoja.

Washairi wa Kagera wana mfano wa kujivunia katika hili. Mwaka 1974 Euphrase Kezilahabi, kijana wa Ukerewe, kisiwa cha ziwa lilelile, alitoa diwani ya Kichomi na kuyaweka kando vina na mizani. Mwaka 1976 Mulokozi na mwenzake Kulikoyela Kahigi wakatoa Malenga wa Bara, jina lenyewe likitangaza kuwa bara nako kuna malenga. Walioshika kanuni alizozieleza Kaluta Amri Abedi katika kitabu chake cha mwaka 1954 hawakukaa kimya, na mabishano hayo yakaendelea miaka mingi, katika makala, katika vitabu na katika mashairi yenyewe. Hakuna upande ulioshinda kabisa. Kiswahili kilipata njia mbili za kutunga, na wanafunzi wa leo wanasoma zote. Kama wazee wale wangetumiana kongole tu, kusingekuwa na cha kusoma.

Kuna uharibifu mwingine ambao makundi yanauzoea kupita kiasi, nao ni shairi kupotezewa jina. Mtu analipenda, analikopi, analibandika kwenye kundi la ukoo bila jina la mtunzi, na likifika kundi la tano tayari lina jina la mtu mwingine. Linarudi Bukoba likiwa na alama ya kusambazwa mara nyingi, na mwenye nalo anaambiwa ameliiba. Hapa inafaa kumkumbuka Saida Karoli, binti wa Bukoba aliyeifanya nchi nzima iimbe kwa Kihaya mwanzoni mwa miaka ya 2000. Mwaka 2016 Diamond Platnumz na Rayvanny walipotoa Salome, waliujibu wimbo wake wa Maria Salome kwa wimbo mwingine, na jina la Saida likarudi midomoni mwa vijana waliokuwa watoto wachanga alipovuma. Kazi ikijibiwa huku chanzo chake kikijulikana, mwenye kazi anapata uhai wa pili. Ikichukuliwa kimyakimya, anazikwa akiwa hai. Mtunzi wa kijijini hana meneja wa kumtetea. Ana wanakikundi wenzake tu. Kwa hiyo kanuni ya kwanza ya kundi lolote la ushairi ingekuwa hii: shairi lisilo na jina la mtunzi halibandikwi, na anayejibu amtaje anayemjibu katika ubeti wa kwanza, kama walivyofanya watu wa magazetini.

Suala la kutunza linatisha zaidi. Tarehe 10 Septemba 2016 tetemeko la ardhi la ukubwa wa 5.9 liliitikisa Bukoba, likaua watu na kubomoa nyumba na shule, Ihungo ikiwemo. Tarehe 6 Novemba 2022 ndege ya Precision Air ilianguka ziwani ikikaribia uwanja wa Bukoba, na watu 19 wakapoteza maisha. Aliyeandika beti za maombolezo kwenye simu siku zile, simu hiyo leo iko wapi? Imebadilishwa, imeibwa, imeangukia majini, au kumbukumbu ilijaa na mashairi yakafutwa ili picha za sherehe zipate nafasi. Gazeti la mwaka 1950 bado linasomeka maktaba. Shairi la mwaka 2016 lililoishi kwenye simu peke yake huenda limeshatoweka, na pamoja nalo sauti ya mtu aliyekuwa pale ardhi ilipotikisika.

Dawa yake haina gharama kubwa. Kila mwisho wa mwezi kundi lichague mashairi yaliyojibiwa vizuri, lile la kwanza pamoja na majibu yake, yachapwe kwenye karatasi za kawaida, yawekewe majina na tarehe, na nakala moja ipelekwe maktaba ya mkoa mjini Bukoba. Anayetunga kwa Kihaya aandikwe kwa Kihaya. Kwa mwaka mmoja kutakuwa na faili nene, na ndani yake kuna mswada. Tuzo ya Taifa ya Mwalimu Nyerere ya Uandishi Bunifu, ambayo washindi wake wa kwanza walitangazwa Aprili 2023, ina nafasi ya ushairi, na kinachopelekwa huko ni mswada uliokamilika na kupigwa msasa. Msasa huo ndio unaopatikana katika kujibizana. Aliyepongezwa tu kwa miaka mitano anafika kwenye tuzo na makosa yaleyale aliyoanza nayo.

Redio nazo zina la kufanya. Kasibante FM na Radio Mbiu zinasikika Bukoba na vijijini, hata kwa wale ambao bando limewaishia. Robo saa kwa wiki inatosha: shairi moja lisomwe na mtunzi wake, kisha jibu lisomwe na aliyelijibu, mmoja akiwa Rwamishenye na mwingine Rubya, na mtangazaji awaachie wasikilizaji swali watakalolijibu kwa beti wiki inayofuata. Wakianza na butura, majibu hayatakosekana.