Nafasi ya fildi isiwe zawadi ya kadi

Leo siandiki kuhusu tume ya uchaguzi. Naandika kuhusu bahasha ya kaki.

Nipo mwaka wa tatu wa sheria hapa Dar es Salaam. Waliopita chuo wanajua: likizo ndefu ikifika lazima uende fildi, sisi ni wiki nane, na ukirudi bila daftari lililosainiwa na msimamizi umekwisha. Chuo kinakupa barua ya utambulisho, basi. Nafasi jitafutie mwenyewe.

Nilizunguka ofisi kumi na moja, kuanzia Posta, Upanga, Kinondoni, mpaka Mwenge. Nyingi unaishia kwa dada wa mapokezi: acha bahasha, tutakupigia. Hawapigi. Mbili waliniuliza nimetumwa na nani. Nikasema nimetumwa na chuo. Wakacheka.

Ofisi moja tu iliniita. Wakili mwenyewe, mtu mzima wa rika la baba yangu, alisoma matokeo yangu yote. Akaniuliza makosa yasiyo na dhamana, nikayataja, na uhaini sikuusahau. Akaridhika kabisa, mpaka akamwita karani anionyeshe meza. Halafu karani akamnong'oneza kitu na kumpa simu. Skrinshoti. Mimi, fulana ya chama, mkono juu, mkutano wa mwaka jana.

"Huyu si wewe, binti?"

"Ni mimi, mzee."

"Mwanangu, kichwa unacho. Ila hapa tuna wateja wa serikali. Nikikuweka, nitaulizwa mimi. Futa hizo picha, mwakani uje tuongee."

Nikasema asante mzee, nikashuka ngazi. Kusema kweli nililia kwenye daladala.

Sasa tuongee sheria kidogo. Ibara ya 20 ya Katiba inampa kila mtu uhuru wa kujiunga na chama. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, kifungu cha 7, inakataza ubaguzi kazini kwa sababu ya maoni ya kisiasa, na inamlinda hata mwombaji wa kazi. Safi. Lakini je, mwanafunzi wa fildi ni mwombaji wa kazi? Halipwi, hana mkataba wa ajira, anaomba kujifunza tu. Wakili yeyote atakayemtetea yule mzee ataanzia hapo hapo. Ningekuwa mimi ningeanzia hapo. Pengo hilo wabunge wetu, popote walipo, walibebe.

Hapa ndipo mtakaponinunia. Jioni ile niliandika yaliyonikuta kwenye grupu letu. Nusu saa haikuisha, kamanda mmoja akanipigia: dada usihangaike, tuna wakili wetu. Kesho yake nikaenda. Bahasha yangu hakuifungua. Matokeo hakuuliza. Aliuliza natoka tawi gani, akasema karibu nyumbani, anza Jumatatu.

Nilikubali. Sikuwa na pengine pa kwenda.

Ninayelala naye chumba kimoja hosteli ananizidi alama tangu mwaka wa kwanza. Kadi ya chama chochote hana, siasa hataki hata kuzisikia. Aliniuliza kama imebaki nafasi. Nikamuulizia. Jibu nililopewa: "Huyo kwetu ni nani?" Ni lile lile swali la kule Posta, nimetumwa na nani, ila safari hii limeulizwa na mtu wetu na mimi ndiye niliyelipeleka chumbani.

Sisemi pande hizi mbili ziko sawa. Yule mzee anaogopa dola, na wakili wetu anatetea watu wanaokamatwa usiku. Anayebeba majalada ya kesi hizo lazima aaminike, hilo naelewa. Lakini ofisi yoyote ya sheria inatunza siri za wateja, na wanafunzi wanaingia humo, wanasaini ahadi ya kutunza siri, wanasimamiwa. Kadi haimzuii mtu kuropoka. Mnawajua wenye kadi walioropoka, nami nawajua.

Na kwenye majukwaa tunaahidi nini? Ajira bila kujuana. Basi tuanze na hizi chache zilizo mikononi mwetu. Baraza liwaombe mawakili wanaofanya kazi na chama watangaze nafasi zao hadharani kabla ya likizo ijayo: ngapi, mwisho wa kuomba lini, nauli ipo au haipo. Bahasha zifunguliwe zote. Asiye na kadi aombe kama mwenye nayo. Nimeshamwandikia katibu, nasubiri jibu.

Wakili wangu nimemwambia naandika haya. Alinuna kidogo, akasema andika, ila kwanza maliza kupanga majalada ya kesho Kisutu. Mwenzangu bado anazunguka. Leo asubuhi amenikopa bahasha mbili.