Ajaili Si Kujenga Bila Ramani

Haya jamani, ubishi huu umenichosha. Wasanidi programu wa Nairobi wakikutana, kundi moja litaapia mtindo wa zamani: mahitaji yote yaandikwe, mteja atie sahihi, kazi ianze, naye aione programu mwisho kabisa. La pili linaapia ajaili: jenga kidogo, mteja aone, sahihisha, endelea. Siku hizi la pili ndilo lenye kelele, na kwa wengi wao ajaili imekuwa jina la heshima la kutopanga.

Kabla ya kuninukulia Ilani ya Ajaili, iliyoandikwa na watu 17 huko Utah, Marekani, mwaka 2001, panda matatu uende Dandora.

Benki ya Dunia iliidhinisha mkopo wa mradi ule 1975. Mpango ulikuwa viwanja kama 6,000, si nyumba 6,000 zilizokamilika. Mwenye ploti alipewa choo na bafu, vyumba akajijengea kadiri ya mfuko wake: kimoja leo, kingine baadaye, cha tatu akapangisha kilipie cha nne. Hiyo ni ajaili, robo karne kabla ya ilani!

Lakini hakuna aliyeambiwa, "Bomba la majitaka tutalifikiria ukifika chumba cha tatu." Barabara, maji na majitaka vilipangwa mapema, kwa mtindo wa zamani kabisa, kwa sababu kuvibadilisha baadaye ni kuchimbua mtaa mzima. Kwetu sisi hivyo ni muundo wa hifadhidata, usalama, na hesabu ya pesa za watu.

Somo la pili ni chungu. Vyumba viligeuka magorofa ya kupangisha, watu wakazidi uwezo wa mabomba, majitaka yakafurika njiani. Kila mmoja aliongeza chake. Bomba la wote halikuwa na mwenyewe. Programu nyingi hufa hivyo hivyo. Kila wiki mbili kitufe kipya, na hakuna anayerudi chini kupanua bomba, kwa kuwa mteja haombi asichokiona.

Kwa hiyo msinichagulie kambi. Panga mapema yale yasiyobadilika kwa urahisi, mengine yajenge chumba kwa chumba, na kila baada ya vyumba kadhaa rudi kwenye msingi. Meneja akikunyima muda huo ati "sisi ni ajaili," mpeleke Dandora msimu wa mvua. Mwambie abebe gambuti.