Pishi ya Akili

Pishi iliyopunguzwa kina haiachi desturi yake. Mwenye duka akipima mchele kwa pishi hiyo leo, kesho na kesho kutwa, hupata kadiri ile ile. Na mnunuzi hudhulumiwa kadiri ile ile kila siku. Uthabiti wa kipimo ni jambo moja, uhalali wake ni jambo la pili. Wapimaji wa akili waliojivunia la kwanza na kunyamaza juu ya la pili wamefanya dhuluma kwa jina la elimu.

Ushahidi uko Marekani. Nchi hiyo ilipoingia katika Vita Kuu mwaka 1917, wataalamu wa saikolojia chini ya Robert Yerkes walitunga mitihani ya akili kwa askari, na watu wapatao 1,700,000 walipimwa. Wasiojua kusoma Kiingereza walipewa picha, wakatakiwa kutia kilichopungua: hapa wavu wa uwanja wa tenisi, pale pembe ya gramafoni. Mkulima wa Italia asiyepata kuona tenisi angeujuaje wavu? Angeulizwa mara kumi, angeshindwa mara kumi. Huo ndio uthabiti. Lakini kilichopimwa ni mazoea, si akili.

Mwaka 1923 Carl Brigham alitoa kitabu juu ya matokeo hayo. Hesabu zilionyesha kwamba wahamiaji waliokaa Marekani zaidi ya miaka 20 walikaribia kulingana na wazaliwa, na wageni wa karibuni walikuwa nyuma. Mwenye insafu angesema kuwa mtihani umepima ukaazi. Brigham alisema kuwa waliofika mwisho walikuwa duni kwa asili! Mwaka 1924 sheria iliwafungia mlango wengi wa Ulaya ya kusini na mashariki. Sheria hiyo haikuzaliwa na kitabu kimoja. Walakini dharau iliyoizaa ilikuwa imekwisha vishwa joho la elimu. Mwaka 1930 Brigham alikiri kwa maandishi kuwa hitimisho lake halikuwa na msingi. Toba ni njema, lakini haikumfikia aliyezuiwa mlangoni.

Basi haitoshi kuufasiri mtihani wa kigeni kwa Kiswahili fasaha. Wavu wa tenisi haugeuki kuwa akili kwa kutajwa kwa Kiswahili. Aletaye kipimo mbele ya mtoto na aulizwe kwanza kinapima nini, ndipo aulizwe kama hupima sawasawa kila mara. Akishindwa kujibu la kwanza, pishi yake na ivunjwe.